Core i5-12400, Ryzen 5 5600 na wenzao: prosesa ya gemu usiku na kazi mchana

Muuzaji wa kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue akikuambia "hii ni Core i7, bosi," bado hajakuambia kitu. Core i7-4790 ya mwaka 2014 ina viini 4 na nyuzi 8, yaani inashika kazi nane kwa mpigo. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina viini 4 na nyuzi 8, lakini inaipita i7 hiyo kwa mbali kwenye gemu na kwenye Excel, inakula umeme pungufu, na inakubaliwa rasmi na Windows 11 wakati ile ya zamani haikubaliwi. Hata i7-7700K, iliyotoka mwanzoni mwa 2017 ikiwa kileleni mwa prosesa za nyumbani, huachwa nyuma na i3 hiyo.

Kwa hiyo soma namba yote. Kwa Intel, tarakimu za mwanzo ni kizazi: 4790 ni cha 4, 8500 ni cha 8, 12400 ni cha 12. Herufi ya mwisho nayo ina uzito wake. F maana yake prosesa haina grafiki ndani. K imefunguliwa ili uweze kuiongezea kasi. T imebanwa itumie umeme mdogo, kwa kawaida wati 35, na ndiyo unayoikuta kwenye zile kompyuta ndogo za mtumba. Jina linafanana na la kaka yake mkubwa, kasi haifanani. Kwa AMD, G ina grafiki ya ndani yenye nguvu kiasi, na X3D ina kashe kubwa (memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa), ambayo tutaifikia.

Kwa anayecheza kwenye skrini ya 1080p na mchana anafanya kazi za ofisi au anahariri video, chaguo letu la kwanza ni Core i5-12400, ile isiyo na F. Kwa aliye na bodi ya AM4 tayari, yaani ya soketi ya AMD iliyotangulia, ni Ryzen 5 5600. Kila kitu kingine hapa chini kinategemea pesa, kadi ya grafiki, na ulichonacho mezani sasa hivi.

12400 na 5600

Kwa namba, hizi mbili zinakaribiana sana. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote hufika GHz 4.4, zote zimeandikwa wati 65, na zote zikiwa za boksi huja na feni yake. 5600 ina kashe ya L3 ya MB 32, 12400 ina MB 18. Ukizifunga na kadi ya daraja la RTX 4060 au RX 6600, hutaona tofauti kwa macho: gemu moja itaipa AMD fremu chache zaidi, nyingine itaipa Intel. Anayekuambia moja "inaua" nyingine anauza alichonacho kwenye kabati.

Tofauti ya kweli iko nje ya gemu. i5-12400 ina grafiki ya ndani, UHD 730. Kadi yako ikiharibika, au pesa ya kadi haijapatikana, mashine inawaka, inaonyesha picha na kazi zinaendelea. 5600 haina grafiki kabisa. Bodi itakuwa na tundu la HDMI nyuma, utachomeka waya, skrini itabaki nyeusi, na kuna mafundi watakaokuambia bodi imekufa. Haijakufa, tundu lile linasubiri prosesa yenye grafiki. Hali ni hiyohiyo kwa 12400F.

Kwa wahariri wa video, UHD 730 ina faida nyingine. Ndani yake kuna Quick Sync, sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya kusoma na kuandika video za H.264 na HEVC. Inamudu hata HEVC ya biti 10 aina ya 4:2:2 inayotolewa na kamera nyingi mpya, ambayo kadi nyingi za grafiki zinashindwa kuisoma. Ukiburuta video kama hiyo kwenye Premiere Pro ukiwa na 12400F au 5600 na kadi ya aina hiyo, prosesa inabeba mzigo wote na picha inakwama kila ukisogeza. Kwa tofauti ndogo ya bei kati ya 12400 na 12400F, usinunue F kama unahariri. Ila hakikisha grafiki ya ndani imewashwa kwenye BIOS, ile programu ya msingi ya bodi, maana bodi nyingi huizima zenyewe zikiona kadi imechomekwa.

Bodi za 12400 zinatumia soketi ya LGA1700. H610 inatosha kwa mashine ya kawaida: matundu mawili ya RAM, DDR4 hadi 3200, basi. B660 au B760 zinakupa nafasi zaidi ya RAM na ya SSD. Mtego uko kwenye jina, kwa kuwa bodi yenye jina karibu lilelile hutengenezwa kwa DDR4 na nyingine kwa DDR5. Pengo la kipande cha RAM haliko mahali pamoja, kwa hiyo DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5 hata ukisukuma. Soma boksi kabla ya kulipa. Na ukitaka kuweka prosesa ya kizazi cha 13 au 14 kwenye bodi ya B660 iliyokaa dukani tangu 2022, BIOS lazima isasishwe kwanza.

Kubadilisha prosesa kwenye AM4

Hapa ndipo 5600 inapolipa. Mtu mwenye bodi ya B450 na Ryzen 5 1600, 2600 au Ryzen 3 2200G hana sababu ya kununua bodi mpya wala RAM mpya. Lakini utaratibu una mpangilio wake, na ukiuruka utarudi dukani ukidai umeuziwa prosesa mbovu.

BIOS husasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Tafuta jina kamili la bodi pamoja na toleo lake, limechapishwa kwenye bodi yenyewe, kisha nenda ukurasa wa mtengenezaji uone ni BIOS gani ya kwanza kutaja Ryzen 5 5600. Weka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ingia BIOS, sasisha kutoka humo. Chomeka mashine kwenye UPS kwa dakika hizo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi nyingi haziwaki tena mpaka chipu ya BIOS iandikwe upya na fundi mwenye kifaa chake. Soma pia maelezo ya toleo hilo, kwa sababu baadhi ya BIOS mpya za B450 ziliondoa prosesa za zamani ili kupata nafasi.

Kabla hujazima, hifadhi ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Ukiweka prosesa mpya, bodi nyingi za AM4 hutoa ujumbe wa kuuliza kama ifute fTPM, hifadhi ya siri za usalama iliyo ndani ya prosesa: Y au N. Watu hubonyeza Y bila kusoma, kisha Windows inadai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hawajawahi kuuona. Kwa kawaida ufunguo uko kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo siku ya kwanza, ila uangalie kabla.

Kutoa feni nako kuna namna. Prosesa za AM4 zina pini 1331 zilizosimama chini ya chipu yenyewe, na pesti ya kupitisha joto ikikauka inagandisha prosesa kwenye hitisinki, kile chuma cha kupoza kilicho chini ya feni. Ukivuta juu kwa nguvu, prosesa inang'oka kwenye soketi ikiwa imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine kwa dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, fungua vishikizo, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka ilegee ndipo uinyanyue.

Bodi za A520 nazo zinapokea 5600, lakini zinabaki PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya bodi na kadi). B550 inatoa PCIe 4.0. Kwa RX 6600 tofauti ni ndogo. Kwa RX 6400 na RX 6500 XT ni kubwa, kwa sababu kadi hizo zimeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe. Ukizibana kwenye 3.0, gemu zinazojaza memori ya kadi zinaanza kudunda.

Sasa angalia herufi. Ryzen 5 5600G si 5600 iliyoongezewa grafiki. Kashe yake ni MB 16, nusu ya 5600, na inaishia PCIe 3.0 hata kwenye bodi ya B550. Ukijua tangu mwanzo kwamba utanunua kadi, iache. Ryzen 5 5500 ni chipu ileile ya 5600G grafiki ikiwa imezimwa, kwa hiyo ina MB 16 zilezile na PCIe 3.0 ileile, na kwenye orodha ya bei inakaa mstari mmoja chini ya 5600 kana kwamba ni ndugu yake wa karibu.

Mahali pa 5600G ni kwa asiyenunua kadi kabisa. Grafiki yake ya Vega inacheza Valorant, CS2, GTA V na eFootball ukishusha ubora, baadhi kwa 1080p na nyingine kwa 720p. Sharti lake ni vipande viwili vya RAM. Grafiki hiyo haina memori yake, inakopa kwenye RAM, na kipande kimoja cha GB 16 kinaipa nusu ya upana wa njia ambao vipande viwili vya GB 8 vinaipa. Mashine nyingi za 5600G zinazouzwa zimefungwa zikiwa na kipande kimoja. Mnunuzi analaumu prosesa, kumbe kosa ni la RAM. Ongeza cha pili kwenye tundu sahihi, kwa bodi zenye matundu manne ni la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa, kisha washa XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS. Bila XMP, RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi itakimbia 2133, 2400 au 2666, na hilo linaigusa kila prosesa iliyotajwa hapa.

Mtumba

Kama kazi ni Word, Excel, kivinjari chenye vichupo thelathini, QuickBooks na mikutano ya Zoom, usinunue chochote kati ya hivyo. Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4 au Lenovo ThinkCentre M920 yenye i5-8500, RAM GB 16 na SSD inafanya yote hayo bila kulalamika. i5-8500 ina viini 6, haina nyuzi za ziada, inafika GHz 4.1. Kizazi cha 8 ndipo Windows 11 inapoanzia kwa Intel, na kwa kuwa Microsoft ilifunga huduma ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, vizazi vya 6 na 7 vinauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo. Valorant nayo kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot.

Usidanganywe kwamba utanunua OptiPlex 7050 kisha uibadilishie prosesa ya kizazi cha 8. Soketi zote mbili zinaitwa LGA1151, prosesa inaingia vizuri kabisa, na mashine haiwaki.

Kugeuza mtumba huo kuwa mashine ya gemu kunawezekana kwa kiasi. Pawa saplai ya Dell au HP mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi, na viunganishi vyake kwenye bodi si vile vya kawaida, hivyo huwezi kuchomeka pawa saplai ya dukani bila adapta. Inabaki kadi inayopata umeme wote kwenye tundu lake, yaani isiyozidi wati 75: GTX 1650 isiyo na tundu la waya, au GTX 1050 Ti. Kwenye boksi jembamba kadi iwe pia ya kimo kifupi. Chukua boksi refu kama lipo. Hewa ni nzuri zaidi na kadi ni rahisi kupata.

Neno moja kuhusu Xeon za Kichina, zile bodi za X99 zenye E5-2680 v4 ya viini 14 na nyuzi 28. Kwenye karatasi zinatisha. Ila kiini kimoja kinaishia GHz 3.3 cha teknolojia ya 2016, na gemu hujali zaidi kasi ya viini vichache kuliko wingi wao. AutoCAD pia. Kwa kurenda Blender au kuendesha seva za majaribio, sawa. Kwa gemu, i3-12100F inaishinda kwa umeme usiofika nusu.

7600 na X3D

Ryzen 5 7600 ya Januari 2023 ina viini 6, inafika GHz 5.1, ina grafiki ndogo ya kuonyesha picha, na bado ni wati 65. Kwenye gemu inaziacha 12400 na 5600 waziwazi endapo kadi ina nguvu ya kutosha. Inakaa kwenye soketi ya AM5, ambayo AMD imesema itaihudumia hadi 2027 na kuendelea, wakati LGA1700 na AM4 zimefika mwisho wa safari. Kikwazo ni RAM. AM5 inapokea DDR5 peke yake, na bei za memori zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Piga hesabu ya prosesa, bodi na RAM kwa pamoja. Mara nyingi tofauti hiyo inatosha kuvuka kutoka kadi ya daraja moja hadi lingine, na kadi ndiyo inayoonekana kwenye skrini.

Ukiijenga, nunua vipande viwili vya DDR5-6000, si vinne: ukijaza matundu yote manne, kasi rasmi ya AMD inashuka hadi 3600. Na siku ya kwanza skrini ikikaa nyeusi kwa dakika kadhaa, iache. Bodi inajipima na RAM. Wapo wanaozima na kuwasha kila baada ya sekunde thelathini, kipimo kinaanza upya kila mara, kisha wanairudisha bodi nzima dukani.

X3D ni habari nyingine. Ryzen 7 7800X3D ya Aprili 2023 na 9800X3D ya Novemba 2024 zina MB 96 za kashe ya L3, zilizopatikana kwa kubandika chipu ya kashe juu ya viini katika ya kwanza, na chini yake katika ya pili ili joto litoke vizuri. Gemu inayofukuzia data nyingi ndogondogo, kama Microsoft Flight Simulator au Factorio, inaipata karibu badala ya kuisubiri itoke kwenye RAM. Kwa gemu, 9800X3D ilitoka ikiwa ya kwanza duniani, kwa dola 479. Kwa kazi za kila siku kashe hiyo haikusaidii kitu. 7800X3D hata hupitwa na 7700X isiyo na kashe hiyo kwenye kurenda, kwa sababu kasi yake imeshushwa. Ukikuta bodi ya AM5 ya mwanzoni mwa 2023, sasisha BIOS kabla ya kuweka X3D: matoleo ya wakati huo yaliruhusu volti kubwa ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia memori) iliyounguza baadhi ya prosesa, ndipo AMD ikaiwekea ukomo wa volti 1.3.

Kujua kama prosesa ndiyo inayokuchelewesha, fungua gemu, andika idadi ya fremu, kisha shusha picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imeelemewa, na X3D haitakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa imefika mwisho wake. Mwenye skrini ya Hz 60 na RTX 4060 anayenunua 9800X3D amenunua fremu ambazo skrini yake haiwezi kuzionyesha.

Za kuogopa

Intel za kizazi cha 13 na 14 za daraja la juu, yaani i7, i9 na i5-13600K na 14600K, zilikumbwa na tatizo la volti lililochakaza chipu taratibu. Intel ilitoa marekebisho ya BIOS kuanzia Agosti 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara; chipu iliyokwisha kuchakaa hayaiponyi. Dalili yake ni gemu za Unreal Engine kuanguka zikidai memori ya video imekwisha wakati kadi ina nafasi tele, au programu kubwa kugoma kufunguka wakati wa kusakinisha. Usinunue i9-13900K ya mkononi bila dhamana. i5-13400 na 14400 hazimo kwenye orodha hiyo. Core Ultra za Oktoba 2024, kama 245K na 285K, hazina tatizo hilo na ni nzuri kwa kurenda, lakini kwenye gemu ziko nyuma sana ya X3D, na zinadai soketi mpya ya LGA1851 pamoja na DDR5.

Halafu joto. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kikiwa nyuzi joto 32, prosesa inaanzia juu kabla hujawasha gemu. 5600 inajizuia ikifika 90, 12400 ikifika 100. Feni za boksi zinazimudu zote mbili, kwa kelele kidogo. Zinaposhindwa, sababu huwa ni ileile: feni ya Intel ina pini nne za kusukuma, moja haikuingia mpaka ilie "ta", na hitisinki imeinama upande. 14900K inaruhusiwa kuvuta wati 253 peke yake. 12400 ukomo wake ni 117, na mashine yake pamoja na RTX 4060 inaweza kukaa kwenye UPS ya VA 650 kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima.

Ukinunua prosesa ya mkononi, omba iwashwe mbele yako. Fungua CPU-Z ulinganishe jina na maandishi yaliyo juu ya chipu. Ikisema ES, au juu yake kuna "Intel Confidential", hiyo ni sampuli ya kiwandani isiyo na dhamana. Washa HWiNFO, endesha Cinebench kwa dakika kumi, uangalie joto na kasi. Kwa AM4, prosesa ikitolewa, ishike usawa wa jicho utazame safu za pini kutoka pande zote mbili. Kwa LGA1700 na AM5 pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo unachomulika kwa tochi ya simu ni soketi.